Chumvi Mchangani Kabuta

Wapo wanawake wanaokatazwa kutaja jina la mkwe, na wapo wanaokatazwa kula mayai. Fidélie alikatazwa chumvi. Tangu ziwa limchukue mumewe Kabaso, hakuruhusiwa kuigusa, kuipokea mkononi wala kuitia katika chungu ambacho mtu mwingine angekula. Na hebu fikiri mwenyewe: mwanamke wa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, ambaye kazi yake ni kukausha samaki, unamkataza chumvi? Ni kama kumwambia fundi cherehani ashone lakini asiguse uzi.

Kwa watu wa pale sheria yenyewe haikuwa ya ajabu. Mjane ana kifo mwilini, walisema, mpaka ukoo wa mume umtoe kifo hicho. Akitia chumvi kabla ya hapo, kifo kinapitia kwenye chumvi, kinaingia katika mboga, na watoto wanaanza kukohoa. Lakini mambo hayo huwa yana mwisho wake. Marehemu anazikwa, kilio kinafungwa, wazee wanakaa, mjane anatolewa, maisha yanaendelea. Shida ya Fidélie ni kwamba marehemu hakuzikwa. Mtumbwi ulionekana umepinduka karibu na kisiwa cha Kilwa, kilicho humo ziwani, nyavu zikaonekana, kasia likaonekana, hata kofia. Kabaso mwenyewe hakuonekana. Walimtafuta mpaka wakachoka, nao si watu wa kuchoka upesi.

"Mutu hajaingia mu ardhi, banamufungia kilio namna gani?" alisema mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Bana Kabaso, yaani mama wa Kabaso. "Mwanangu iko mu maji. Iko anatembea. Siku ardhi itamupokea, njo siku nitafunga."

Bana Kabaso alikuwa Mbemba, na Kiswahili alikiokota kwa kuwauzia samaki wafanyabiashara wa Kongo. Ndicho alichozungumza na mkwe wake tangu siku Fidélie alipoletwa bibi harusi kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa. Zamani kilikuwa Kiswahili cha kucheka. Sasa kilibaki cha kuulizana kama kuni zipo. Kila asubuhi yule mama alikaa ufukweni juu ya gogo, uso kwenye kisiwa cha Kilwa, akingoja ziwa lirudishe lilichokopa. Fidélie alimpelekea uji, akaweka bakuli mchangani, akarudi.

Basi akawa mtu wa katikati. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakuzaa na Kabaso, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kumshikiza hata kidogo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake iliburuzwa na kila mtu. Luse, mke wa shemeji yake Mwila, kila alipomwona akiingia jikoni aliinua kopo la chumvi na kulipandisha juu kabisa, chini ya nyasi za paa, kama anayemficha mtoto sukari. Sokoni muuza chumvi alimpita na kumhudumia mwanamke wa nyuma yake. Katekista alisema kanisani kwamba mambo hayo ni ushenzi na Mungu hayapendi, watu wakaitika amina. Jumapili hiyohiyo Fidélie alipita nyumbani kwa katekista kuomba moto, akamwona mke wake anafunika chumvi yake kwa sahani.

Mchana, jua likiwa kali na ziwa limelala, Fidélie alikuwa akisinzia kwenye kivuli cha kichanja chake kitupu cha kukaushia samaki, na Kabaso alikuwa akija. Alitoka majini akiwa na shati lake la mistari, linachuruzika, anakaa kwenye kigoda, anamega ugali, anachovya. Hana hasira. Anaonja, anaisogeza sahani taratibu. "Fidé," anasema, "haina chumvi." Hapo Fidélie anaamka, mdomo mkavu, na kwa muda hajui kama yuko nchi kavu au chini ya maji pamoja naye.

*

Mwila hakuwa mtu mbaya. Mwenyewe alisema hivyo kila alipotaka kusema jambo baya.

"Mulamu, mimi si mutu mubaya," alimwambia shemeji yake siku moja, akiwa anashona wavu na macho yake yakiwa kwenye wavu. "Lakini batoto yangu banakula mu chungu moja na wewe. Mudogo anakohoa."

"Anakohoa juu ya moshi, Mwila. Jiko ya Luse inatoa moshi."

"Sijui. Mimi minasema, rudia kwenu. Jumamosi kisha soko, boti ya ba-Congolais inaenda Pweto. Nitakuombea nafasi."

"Kwetu iko vita."

"Vita iko mbali na Pweto."

"Na bale batu banashuka ku boti kila wiki na magodoro ku kichwa, banatoka wapi? Banakuja kutembea?"

Mwila alivuta uzi, akaukata kwa meno. Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kikohozi cha mwanawe. Ya pili hakuitaja, lakini Luse aliijua na Fidélie aliijua: siku kilio kitakapofungwa, wazee wanaweza kumtazama yeye, mdogo wa marehemu, na kumwambia amrithi mjane. Luse alikwisha kuapa kwamba siku hiyo atavunja vyungu vyote vya nyumba. Kwa hiyo kila mmoja aliona heri Fidélie aondoke mapema, akiwa bado hajawa kitu chochote.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote waliubeba mzigo wa Fidélie kwa ncha ya kidole, wakashangaa kwa nini mwenyewe ameinama.

*

Gari la mradi wa maji lilifika mwezi wa Oktoba, joto linapopasua midomo na kila mtu anatazama mbinguni akisubiri mvua. Mwaka ule wa tisini na nane kipindupindu kilikuwa kimepita Kabuta nyumba kwa nyumba. Watu walikunywa ziwa, walifua ziwani, na mambo mengine pia waliyafanya ziwani, tusitajetaje. Mradi ukaahidi kisima cha bomba. Lakini kwanza, walisema, lazima ardhi ipimwe, ijulikane maji yako wapi na ni kina gani.

Mpimaji aliitwa Evariste, Mkongomani wa Lubumbashi, mrefu, kofia ya majani kichwani. Aliwahi kufanya kazi kwenye migodi kwao kabla mambo hayajaharibika. Alishusha vyuma virefu kama vigingi vya hema, akavipigilia kwa nyundo katika mstari ulionyooka kutoka barabarani hadi ufukweni, na mstari ukakatiza uwanja wa Bana Kabaso katikati kabisa. Kila chuma akakifunga waya. Nyaya zote zikaenda kwenye kisanduku, na kisanduku kikaunganishwa na betri ya gari.

"Kumbe sasa banavua ardhi," akasema mzee mmoja, na watu wakacheka, kwa sababu kweli ulifanana na mshipi wenye ndoana nyingi.

"Njo hivyo, papa," Evariste akaitika, hakukasirika. "Natuma umeme mu ardhi kwa chuma hii, naivua kwa chuma ile. Mchanga mukavu unakatala umeme. Mawe inakatala pia. Lakini udongo yenye kushiba maji inaiacha ipite. Kisha mashini inahesabu, inachora. Nitaona tumbo ya ardhi yenu bila kuipasua."

Maneno hayo yalimkaa Fidélie. Kuona tumbo la ardhi bila kulipasua! Alisimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, akitazama mchanga wa uwanja aliokuwa akiufagia kila siku. Ilimjia kwamba chini yake kulikuwa na nchi nzima iliyokuwa imelala, nayo leo inaamshwa.

Haikuamka. Evariste alibonyeza, akangoja, akatikisa kichwa. Akabonyeza tena. Akapiga nyundo vyuma viingie zaidi. Wapi!

"Merde," akatukana chinichini kwa Kifaransa, kisha kwa sauti: "Mchanga hii inakausha mutu roho! Umeme haiingii hata kidogo." Akageuka, na wa kwanza kumwona alikuwa Fidélie, aliyekuwa akimfukuza mbuzi aliyeanza kutafuna waya. "Toka huko, mujinga weye!" alimwambia mbuzi.

Uso wa Evariste ukafunguka. "Eh, mama! Kiswahili hii ni ya kwetu kabisa. Unatoka wapi?"

"Pweto."

"Pweto! Dada yangu, basi unisaidie. Iko chumvi? Chumvi na maji. Tutamwaga ku kila chuma, mchanga ulowe, umeme ipate njia. Bila chumvi ardhi haisemi."

Bana Kabaso alikuwa ufukweni kwenye gogo lake. Luse alikuwa sokoni. Waliokuwepo uwanjani ni wanaume na watoto, na wanaume hawaangalii nani anashika chumvi mpaka waambiwe na wake zao. Fidélie angeweza kusema hana. Angeweza kumwonyesha nyumba ya jirani. Alijua vizuri sana anachofanya, tusimtetee zaidi ya hapo. Lakini ilikuwa muda mrefu hajaombwa kitu kama mtu anavyoombwa na mtu, tena kwa lugha ya nyumbani kwao. Halafu akajiambia: sheria inasema chungu, inasema mdomo. Ardhi haili mboga.

Akaingia ndani. Gunia lake la chumvi ya samaki lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa tangu Kabaso apotee, limekuwa gumu kama jiwe. Alilipiga kwa mchi. Akazijaza ndoo mbili maji, akamimina chumvi, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko na kukoroga. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya kuni, na chumvi ikaingia humo ikawasha. Machozi yakamtoka. Yalikuwa ya furaha, msidhani vingine.

Kisha akatembea kwenye mstari ule, chuma hadi chuma, akimimina. Mchanga ulikunywa kwa sauti ndogo. Nyuma yake kisanduku kikaanza kukubali, na Evariste akapaza sauti: "Inasema! Mama, inasema! Endelea!" Fidélie aliendelea. Hakusikia tena watoto wala nyundo. Ilikuwa kama anampikia mtu mkubwa aliyelala chini, anamtilia chumvi kidogo kidogo, na yule mtu anageuka usingizini na kuitika. Alipofika chuma cha mwisho, maji ya ziwa yanaigusa miguu yake, alilamba kidole chake. Chumvi ilikuwa chumvi ileile.

"Mayo we!"

Ni Luse, anayemwita mama kwa Kibemba, beseni kichwani, amesimama katikati ya uwanja kati ya madoa yaliyolowa. Beseni lilianguka, kapenta, wale dagaa wa huko, wakatawanyika mchangani. "Mayo we! Chumvi! Ametia chumvi mu udongo! Njooni muone, ametuua wote!"

*

Uwanja ulijaa watu kuliko siku ya kilio cha kwanza. Evariste alijaribu kueleza, akaharibu zaidi.

"Lakini ni chumvi kidogo tu, bamama. Mvua ya kwanza itaipeleka chini, itaisha."

"Chini wapi?" Luse akamdaka. "Si chini njo maji ya kisima iko? Mnasikia? Mwenyewe amesema! Kifo ya huyu mwanamuke itaingia mu maji, na sisi tutakunywa!"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema yeye hatachota. Mwingine akasema heri ziwa na kipindupindu chake, angalau hicho wanakijua. Fidélie alisimama pale, mikono yake ingali nyeupe kwa chumvi, hajui aifiche wapi. Aliifunika kwa kanga, na kwa kuificha akaonekana ana hatia maradufu.

"Nilimwomba mimi," Evariste alisema. "Sikujua desturi yenu. Kosa ni yangu."

"Wewe utapanda gari yako utaenda," Mwila akamjibu, si kwa ukali. "Sisi njo tutabaki na maji." Akamgeukia shemeji yake. Safari hii hakusema kwamba yeye si mtu mbaya. "Fidélie. Jumamosi unapanda boti."

"Mwila, kule banaua batu."

"Unapanda boti."

Fidélie akamtafuta Bana Kabaso kwa macho. Yule mama alikuwa ametoka ufukweni, amesimama nyuma ya watu, fimbo mkononi. Neno lake moja lingetosha. Alimtazama mkwe wake muda mrefu, akatazama madoa yaliyolowa mchangani, moja moja, mpaka kwenye ukingo wa maji. Akamwendea mpimaji.

"Mashini yako imeona nini?"

Evariste alikuwa na kompyuta inayofunguliwa kama kitabu. Aliiweka juu ya boneti ya gari, akafanya kazi yake kwa subira, watu wakimpumulia shingoni, mpaka picha ikatokea. Ilikuwa na rangi: nyekundu juu, kisha njano, kisha kijani, na chini bluu nzito iliyolala kama mtu aliyejinyoosha.

"Angalia, mama. Hii ya juu, nyekundu, ni mchanga mukavu ya uwanja yenu. Hii bleu ya chini ni mchanga yenye kushiba maji. Maji mingi. Tutachimba hapa, karibu na kichanja ya samaki."

Kichanja cha Fidélie. Watu wakanong'ona.

"Na hii bleu inaishia wapi?" Kidole cha Bana Kabaso kilifuata rangi kwenye kioo, bila kugusa.

"Haiishi. Inaenda hivi, inaenda, mpaka ku ziwa. Maji ya ziwa na maji ya chini inashikana mikono, mama. Iko usawa moja."

Midomo ya Bana Kabaso ilicheza, kama ya mtu anayehesabu kwa siri.

"Unataka kusema maji ya ziwa inaingia mu ardhi. Inapita mu mchanga. Inafika huku, chini ya nyumba yangu."

"Karibu na ziwa namna hii, inaweza kuwa. Ndiyo."

"Niko na mutoto mu ziwa," akasema.

Evariste akavua kofia. Alielewa anakoelekea yule mama, na hakutaka kumdanganya. "Mama, pole sana. Lakini mashini haioni mutu. Inaona maji tu."

"Sijauliza mashini kama inaona mutu." Bana Kabaso akaigeukia njia ya ufukweni. "Nimeuliza maji inaenda wapi."

*

Jumamosi mashine ya kuchimba, iliyokuwa ikingoja Nchelenge mjini, ilifika alfajiri ikaanza kunguruma. Ufukweni boti ya wafanyabiashara ilikuwa inapakia sabuni, sukari na nguo za mitumba. Mwila alikuwa amekwisha kupeleka furushi la Fidélie: blanketi, sufuria mbili, picha ya harusi iliyofungwa kwenye kitenge. Gunia la chumvi alisema libaki. Nani angethubutu kulibeba?

Fidélie alikaa karibu na kichanja chake mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa hata mtu anayefukuzwa ana haki ya kuona mwisho wa alichokianza. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zake. Udongo ulitoka mwekundu, ukawa wa kijivu, ukawa mchanga mweupe mwembamba. Aliangalia kila rangi ikipanda na akaona ni ileile picha ya kompyuta, ila safari hii inatoka kweli. Alikuwa kama anasinzia wima. Aliwaza: naenda Pweto, na sitajua kama ilikuwa tamu.

Maji yaliruka ghafla, machafu, yana kutu.

"Damu!" Luse akapiga kelele, akawavuta wanawe nyuma. "Si niliwaambia?"

"Ngojeni," Evariste akasema. "Ya kwanza ni hivi siku zote. Inajisafisha."

Wakangoja. Mwenye boti akapiga filimbi mara ya kwanza. Maji yakawa ya chai, yakawa ya maziwa yaliyotiwa maji, halafu yakawa maji. Yalimwagika uwanjani mengi, yanang'aa, yanatengeneza njia yake mwenyewe kuelekea ziwani. Kijiji chote kilikuwa na kiu na kijiji chote kilisimama. Hakuna mwanamke aliyesogeza ndoo. Evariste alikinga kiganja chake akanywa, akajipangusa mdomo, akawatazama kwa matumaini. Wakamtazama kama mtu anayetazama mgeni anavyojiua.

Filimbi ya pili. "Twende, mulamu," Mwila akasema kwa upole.

Fidélie akainuka. Hapo ndipo watu walipompisha Bana Kabaso. Alikuja na kikombe cha bati, kile chenye ukingo wa bluu, na kila mtu alikijua. Kilikuwa cha Kabaso, na hakuna aliyekinywea tangu siku ile. Akainama kwa taabu, akakinga, akanywa. Hakumeza mara moja. Aliyazungusha maji mdomoni, macho amefumba, kama mpishi anayeonja mboga ya wageni. Luse alifunika mdomo wake kwa mikono miwili.

Bana Kabaso akameza. "Haina chumvi," akasema.

Fidélie aliyatambua maneno ya Kabaso ya ndotoni, sasa kwa sauti ya mama yake Kabaso.

"Chumvi yote ya huyu mutoto ardhi ilikula," Bana Kabaso akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. "Ilikula, ikanywa, ikaitika. Na maji ya ziwa inapita chini ya nyumba yangu, huyu bwana ameiona kwa mashini. Basi mwanangu si mu ziwa tena. Iko mu ardhi! Mutu akiingia mu ardhi, banasema nini? Mwila! Banasema nini?"

"Amezikwa, mayo," Mwila akajibu.

"Amezikwa. Kabaso amezikwa!"

Ndipo alipolia. Hakuwa amelia tangu mtumbwi uonekane, alikuwa amekaa tu kwenye gogo. Sasa akalia kile kilio kirefu cha wanawake wa Mweru, ambacho kinaanza juu na kushuka na kutafuta wa kukipokea. Kwa muda hapakuwa na wa kukipokea. Halafu Fidélie akakipokea. Alianguka mchangani, kwenye maji yanayotiririka, akamlilia mumewe kwa sauti, na wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakatua ndoo zao wakalia nao, Luse pia, kwa sababu kilio hakichagui. Evariste alisimama na kofia mikononi asijue atazame wapi.

Filimbi ya tatu ililia, boti ikaanza kusukumwa. Mwila akashtuka. Akakimbia, akaingia majini mpaka kifuani na suruali yake ya Jumapili, akarudi na furushi la shemeji yake kichwani, picha ya harusi juu kabisa. Vijana walimcheka, mwanaume kubeba sufuria kichwani! Hakuwajali, akapita katikati yao, anachuruzika maji, akaliweka mlangoni kwa Fidélie.

*

Jua likielekea kuzama, moto uliwaka jikoni kwa Bana Kabaso. Chungu cha kapenta na nyanya kilichemka. Wote walikuwepo: Mwila amebadilisha suruali, watoto wamekaa kwenye mkeka, mdogo bado anakohoa kwa sababu ya moshi uleule. Luse alisonga ugali. Fidélie alikaa pembeni karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, macho mazito kwa kulia. Hakujua kama amebaki kwa siku moja au kwa maisha. Hakuna aliyemwambia, naye aliogopa kuuliza.

Bana Kabaso akachota mchuzi kidogo kwa mwiko, akauonja kwenye kiganja.

"Fidélie."

"Mayo."

"Mboga haina chumvi."

Luse alikuwa wa kwanza kusimama, mkono tayari juu kwenye nyasi za paa. "Ninaileta, mayo."

"Ilete," Bana Kabaso akasema. "Lakini si wewe nilikuita."

Luse akabaki na kopo mkononi. Alimtazama mume wake, na Mwila akayatazama magoti yake. Aliwatazama wanawe. Halafu akavuka jiko hatua chache zile, akasimama mbele ya Fidélie, na badala ya kuliweka kopo chini ili mwenzake aliokote, akamkabidhi mkononi. Vidole vyao vikagusana.

Fidélie akapiga magoti mbele ya chungu. Alichota kwa vidole vitatu, kama alivyofundishwa na mama yake Pweto, lakini vidole havikukumbuka vizuri kipimo. Akatia, akakoroga. Akarudi nyuma akakaa, kopo bado limo mapajani mwake, analishika kama mtoto mchanga.

Bana Kabaso akanawa. Akamega ugali, akaufinyanga, akachovya, akatia mdomoni. Alitafuna taratibu sana, na nyumba nzima ikatafuna pamoja naye, hata moto ulionekana unangoja.

"Umezidisha," akasema, akamega tena.